Pua ya Gelindo

Tangu homa ile ya Februari, Gelindo Framarin hakunusa kitu. Kahawa ilikuwa maji ya moto, jibini sabuni. Mkewe Ines aliunguza polenta, ule ugali wao wa mahindi, mpaka jiko likajaa moshi, yeye akaisifu.

Hakumwambia mtu. Pale Gambellara, kijiji cha divai huko Italia, mzee wa divai asiye na pua ni sawa na kinyozi asiye na mikono. Kwa miaka arobaini na mitatu, kila Septemba, alifunga vichala vya zabibu kwenye kamba na kuvitundika darini vikauke hadi baada ya Krismasi, ndipo avikamue kupata ile divai nyeupe tamu. Kazi ya dari ni madirisha: upepo ukiwa mkavu, fungua; ukungu ukipanda kutoka bondeni, funga. Na kila asubuhi unapanda kunusa, maana kuvu huanzia ndani ya kichala. Ikionekana kwa macho umeshachelewa. Waonjaji wanaopitisha divai wakiihisi, chupa hunyimwa jina la Gambellara. Inabaki divai tu, ya kuoshea samaki.

Oktoba ukungu ulilala siku nne. Gelindo alipanda kila asubuhi, akavuta pumzi kwa mbwembwe, akashuka.

Novemba, Ottavio, kaka wa Ines, alipanda kuazima msumeno. Akasita mlangoni.

"Shemeji, umefuga mbuzi humu?"

"Mbuzi ni wewe. Chukua msumeno uende zako."

"Sitanii, bwana. Pananuka soksi za mwanajeshi. Hunusi?"

"Nanusa. Ndivyo inavyotakiwa."

Ottavio alipasua kichala kimoja. Ndani kijivu, kama manyoya ya panya. Akapasua cha pili, cha tatu. Hakutania tena, na hapo ndipo Gelindo alipoogopa.

Ines alikuja na mkasi na kikapu.

"Pua yake imekufa tangu Februari," alimwambia kaka yake.

"Ulijua?" Gelindo akauliza.

"Umekula polenta ya mkaa mara nne, ukaomba nyongeza. Ningekosaje kujua?"

"Na ukanyamaza!"

"Nilingoja uniambie, mwanaume wewe. Ningekuwa napanda mimi. Pua ninayo."

Wakakata mpaka jioni. Kamba nzima zilizobaki hazikufika kumi. Zingetoa divai ya kunywa nyumbani, si ya kupeleka kwa waonjaji.

Kesho yake asubuhi Gelindo alisimama chini ya ngazi, mikono mfukoni, akisikiliza nyayo za Ines darini.

"Vipi?" akauliza.

Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni. Juu, dirisha likafungwa.