Matone ya Mchaichai kwa Mama

Wiki iliyopita, dukani Kerege, muuzaji alimwonya msichana aliyenunua mafuta ya mchaichai: "Usiyapake hivihivi, yatakuunguza." Nikakumbuka alasiri moja nyumbani Bagamoyo, mama alipokuwa hapati usingizi tangu tumzike baba.

Bibi, mama yake baba, alitia matone machache tu kwenye kibakuli cha mafuta ya nazi. Chumba kizima kilinukia, lakini mimi nilikasirika, maana kichupa cha mchaichai kilikuwa kimejaa.

"Bibi, mbona unampunja mama?"

"Huyu ni mkwe wangu, si samaki wa kukaanga."

Alimpaka kidogo ndani ya kiwiko, kisha akakaa kimya akiutazama mkono ule. Nilidhani anasali kama kanisani, nami nikafumba macho. Sasa najua alikuwa akisubiri kuona kama ngozi itawashwa.

Ngozi haikuwashwa. Akaanza kumchua mabega taratibu, huku kinu cha jirani kikisikika uani.

"Yatosha, mama, utachoka," mama alimwambia bibi.

"Wacha nichoke mimi. Wewe lala."

Punde mama akaanza kukoroma. Nilitaka kucheka, bibi akaniziba mdomo kwa kiganja chenye mafuta, huku machozi yakimtiririka.