Shemeji na Kiporo cha Kuku

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, huuza vitenge kwa kuvuka mpaka kwenda Malawi, na kwa kuwa amezoea nchi mbili anajiona anaijua dunia nzima. Jumapili moja alifika kwetu Njisi tukiwa kanisani. Akafunua sufuria jikoni, akala wali wa jana, wa baridi, hadi ukoko. Jirani yetu mjane ndiye aliyetuletea wali huo Jumamosi mchana, wa mpunga wake mpya. Sisi tuliula ukiwa moto. Uliobaki niliuweka kwa ajili ya kuku.

Tuliporudi nilimwambia wali ule ulitoka kwa nani, na jioni tukamkuta amejikunja mkekani, jasho linamtoka.

"Yule mjane ameniloga!"

"Akuloge wewe kwa wali aliotuletea sisi?"

"Alijua nitakuja."

Mwenyewe hatoi taarifa hata siku moja. Hutokea tu kama inzi. Lakini alipiga kelele hadi majirani wakasikia, na mjane akasikia pia.

Tulimpakia kwenye bajaji hadi zahanati. Tabibu, binti mwenye umri wa mwanawe, alimminya tumbo, akamuuliza alichokula.

"Utumbo ni msuli, baba," akamwambia. "Unakaza na kulegea ili usukume chakula. Chakula kikichacha, vijidudu vinauchokoza, nao unakaza kwa nguvu kuvitoa. Ndiyo hayo maumivu. Mwingine hubanwa na gesi, mwingine choo kigumu, mwanamke hubanwa na hedhi. Ukiona damu kwenye choo, au tumbo likawa gumu kama ubao, hapo usingoje, njoo haraka."

"Na uchawi?" akanong'ona.

"Wali umelala na joto hili, baba. Inatosha."

Akampa pakiti za kuchanganya na maji. Siku mbili baadaye shemeji alikuwa mzima, anawaambia watu sokoni Kyela kwamba amepona kwa unga wa mizizi alionunua kwa mchuuzi.

Mimi sikuvumilia. Nikamshika mkono hadi kwa mjane, tukamkuta anapepeta mpunga. Shemeji akasimama mlangoni, akaanza kuzungumzia mvua. Mwanamume mzima, mwenye maneno ya kujaza lori, neno moja tu likamshinda! Nikaomba radhi kwa niaba yake.

"Ndaga," akashukuru mjane kwa upole, akiniangalia mimi peke yangu, kisha akainamia ungo wake.