Kibuyu cha Baba

Juzi sokoni Karatu nilimwona baba mdogo ameshika shavu, akitaka kila mtu ampe pole kwa jino moja. Nikakumbuka alasiri moja, baba alipokuwa ameacha vidonge vikali vya mgongo alivyoandikiwa hospitali hadi akawa mraibu wake. Chumba kilinuka jasho na moshi. Baba alipiga miayo na kutetemeka, ngozi imesimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nikadhani ni baridi, nikamletea sweta langu dogo.

Baba mdogo alisimama mlangoni ameziba pua, mkono mwingine umeshika kidonge kimoja cha vile, akamwambia mama: "Shemeji, huu ni mkosi. Mtengee kibuyu chake, tusiambukizwe. Au kaka ameze hiki kimoja, atuondolee aibu."

Sijui kama namwonea. Hata wazee walimtenga mwenye mkosi hivyo, naye pengine aliogopa. Ila woga wake ulikuwa na majivuno mengi. Leo najua kidonge kile kingemrudisha baba mwanzo kabisa.

Baba alikuwa ameshanyoosha mkono kukipokea kidonge. Mama akajaza uji kwenye kibuyu kile kile alichoambiwa akitenge, akanywa yeye kwanza.

"Karibu, shemeji, kuna uji."

"Nimeshiba."

Basi baba akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, uji ukammwagikia kifuani, na kidonge kikabaki mkononi mwa mdogo wake.