Nusu Kichwa Nyumbani, Nusu Ukumbini

Kaka yangu alipotuletea mke msusi, nilimwambia mama, "Huyu atatumaliza kwa maneno." Sikukosea. Wifi yangu, ambaye kila mtu humwita Chanuo, anaweza kukusuka kichwa kizima bila kumeza mate, na ukiinuka kigodani unajua habari za kijiji kizima, na zako pia. Lakini mikono anayo, jamani. Hata mimi ninayemsema hivi sijawahi kumpelekea kichwa changu mtu mwingine.

Basi Mfuko wa Maendeleo wa Kanda ukaja kutujengea ukumbi. Fedha zile zilikuwa na walengwa wake: wazee wanaoishi peke yao, wajane, walemavu, na wale ambao kijiji kimewapa kisogo. Ukumbi ukawekewa viti, vioo, beseni la kuoshea nywele, jiko la chai, na bajaji ya kuwafuata wasioweza kutembea. Chanuo akaajiriwa kusuka watu bure kila Jumatano. Mimi nikapewa chai. Msiseme nilibebwa, chai yangu inajulikana.

Jumatano ya kwanza ukumbi ulifurika. Tatizo ni nani waliofurika. Mke wa mwenyekiti alikalia kiti cha mbele, nyuma yake dada zake, kisha mwenye duka na shoga zake, watu ambao tangu wazaliwe hawajasahauliwa hata dakika moja. Walengwa hatukuwaona. Bajaji ilikwenda, ikarudi tupu.

"Wanasema wako sawa tu," dereva akatuambia.

"Nani atatoka nje na kichwa kama kiota?" Chanuo akamjibu. "Niacheni niwafuate nyumbani."

Afisa wa mradi, kijana mpole wa tai na miwani, akakuna kidevu. Masharti ya Mfuko yalitaka huduma itolewe ukumbini, kwa sababu ndiko watu watakakokutana. Kumsuka mtu chumbani peke yake, alisema, ni kumzidishia upweke. Na hapo, tuseme kweli, alikuwa na hoja.

Chanuo akazungusha kitana vidoleni. Kisha akasema, "Basi nitaanzia nyumbani, nitamalizia ukumbini."

Ndivyo ilivyoanza kazi yake ya nusu kichwa. Jumanne anapanda bajaji, anaingia kwa bibi fulani, anamchana, anampaka mafuta, anamsuka upande mmoja mpaka kisogoni. Halafu anafunga mkoba. "Upande wa pili kesho ukumbini, bibi yangu. Bajaji itakupitia." Bibi anajishika kichwa, anaguna, anatukana kidogo. Kesho yake yumo ndani ya bajaji, kitambaa kichwani, na akishamaliza kusukwa hataki kuondoka, anaomba chai ya pili. Afisa alipogundua mchezo huo alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hajaona sharti linalokataza nusu.

Ukumbi ukaanza kupata wenyewe. Akabaki Mama wa Mwisho.

Jina hilo tulimpa kwa sababu nyumba yake ndiyo ya mwisho barabarani. Mwanawe aliiba pampu ya maji ya kijiji, akatoroka nayo, sisi tukarudi kuteka maji mtoni. Kijana akaenda zake, adhabu ikabaki kwa mama. Hakuna aliyemfukuza. Watu waliacha tu kumwamkia, na akipita walisema kwa sauti ya kusikika, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mwishowe akaacha kupita. Dukani alikwenda wakati wa jua kali, kila mtu akiwa ndani.

Aliyeumia kuliko wote kwa wizi ule ni mama mmoja mwenye ulimi mkali tunayemwita Bi Pampu. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa pampu na mwenye funguo. Kijiji kilimshuku, kikamvua kazi. Toka hapo hakutaka kusikia habari za nyumba ile.

"Yule mwache," nilimwambia Chanuo. "Utachokoza nyuki."

"Wifi, hela hizi zimeletwa kwa ajili ya nani kama si yeye?"

Nikamwambia ana kichwa kigumu.

Akaenda. Alivyonisimulia, Mama wa Mwisho alikaa kigodani, akainamisha kichwa. Nywele zilikuwa zimeshikana, Chanuo akazichambua taratibu. Alipofika katikati akaweka kitana chini.

"Ukiniacha hivi, nitabaki hivi," mama akamwambia. "Kule siendi."

Chanuo alirudi nyumbani hana raha. Alikula chakula chote bila kusema kitu, kaka yangu akadhani anaumwa. "Na asipokuja, wifi?" akaniuliza tukiosha vyombo. "Si nitakuwa nimemwongezea aibu juu ya aibu?"

Jumatano ikafika, na Bi Pampu naye akafika. Zamu yake ilikuwa wiki iliyofuata, lakini Bi Pampu hapangiwi. Alikalia kiti, Chanuo akamfumua mistari ya zamani na kuanza kumsuka upya. Amefika nusu, bajaji ikapiga honi nje.

Mama wa Mwisho aliingia kichwa wazi. Upande mmoja mistari inang'aa, upande wa pili nywele zimesimama. Alisimama mlangoni ameshikilia fremu, na ukumbi mzima ukamgeukia. Mimi nilikuwa na birika mkononi, sikujua niliweke wapi.

Bi Pampu akainuka kwa hasira, akanyakua mkoba wake, akapiga hatua kuelekea mlangoni. Mara akajiona kwenye kioo. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka kama mtu aliyekimbizwa na ng'ombe. Aende wapi vile? Akatazama kioo, akamtazama Mama wa Mwisho, akatazama kioo tena. Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, akakimeza. Bi Pampu akarudi kuketi kwa kishindo.

Mama wa Mwisho akamfuata mpaka pale kitini.

"Pole, dada. Kwa yaliyokupata."

"Pole ya leo? Miaka yote hii hukuiona njia ya kwangu?"

"Nilikuja. Nilifika mlangoni, nikasikia mnamsema mwanangu, nikarudi. Nikaja tena siku nyingine, nikarudi. Leo nimekukuta, sirudi."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Sijui hata kama yu hai. Na sina wa kumuuliza, maana nikimtaja tu watu wananigeuzia mgongo."

Bi Pampu alikaa akitazama mikono yake.

"Alikuwa akinibebea ndoo, mwanao," hatimaye Bi Pampu akasema. "Kabla ya mambo yale. Hakuwahi kunipita njiani nina mzigo."

Mama wa Mwisho akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti. Mimi nililia pia, sioni haya kusema. Bi Pampu akainuka, akamshika mkono, akamketisha kwenye kiti alichokuwa amekalia yeye.

"Mmalize huyu kwanza," akamwambia Chanuo. Kisha akavuta benchi karibu, akaketi na nywele zake zimetimka vilevile. "Haya niambie, dada. Mara ya mwisho ulimwona lini?"