Tasbihi, Ndevu na Choo cha Salimu

Miaka mingi nimeificha habari hii, na watu wa kijiji chetu cha Bweni wamenisitiri (isipokuwa mke wangu Mwanahawa, ambaye humsimulia kila mgeni), basi leo naisema mwenyewe.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, nami ndiye msoma hotuba wa Ijumaa. Mwanangu wa kwanza, Salimu, ana siku sita, macho na ngozi vimegeuka manjano, hanyonyi vizuri, na choo hajapata tangu juzi. Mkunga wetu, Bi Tatu, alikuwa akija kila asubuhi kumbonyeza nyayo na pembeni mwa kitovu kwa kidole gumba, taratibu, kisha anamrudisha kifuani kwa mamake. Ijumaa hiyo alichelewa, nami nimeshavaa kanzu, nikasema nitambonyeza mwenyewe.

"Bi Tatu hubonyeza mara saba tu," Mwanahawa akanionya.

"Saba chache," nikajibu, nikachukua tasbihi nihesabu thelathini na tatu, kila punje na bonyezo lake.

Thelathini hatukufika. Mtoto akajikunja, akaachia yote ya siku mbili. Nikakagua kanzu, safi, nikanawa mikono, nikatia tasbihi mfukoni (hiyo sikuikagua), nikakimbilia msikitini.

Hotuba yenyewe ilihusu twahara. Nilipoketi baina ya hotuba mbili nikavuta tasbihi kidogo, nikajipangusa jasho ndevuni kwa mkono huohuo, nikasimama tena. Safu ya mbele wote wameinama, mabega yanatikisika, nami nikadhani mawaidha yamewaliza, nikazidi kupaza sauti. Wakati wa hotuba watu hawasemi, basi hakuna aliyeniambia.

Nilipomaliza, Mzee Shomari, jirani yangu, akanong'ona, "Mwalimu, una nini ndevuni?"

Nikashika, nikanusa. Ningeweza kunyamaza, lakini sala ya watu wote ilikuwa shingoni mwangu. "Ndugu zangu, ni choo cha mwanangu. Hotuba yangu imebatilika."

"Kwani amepata choo?" Mzee Shomari akauliza.

"Amepata."

"Alhamdulillahi," ukaitikia msikiti mzima, maana wote walikuwa wakimwombea, kisha wakacheka, kisha wakakaa kusikiliza hotuba upya kutoka kwa mtu mwingine huku njaa ikiwauma.

Bi Tatu alinikuta alasiri nikiosha ndevu kwa mara ya nne. "Mwanangu," akasema, "nyayo za mtoto si uradi wa tasbihi."

Salimu alinyonya hadi akasinzia, na kwa rehema ya Mungu macho yake yakatakata baada ya siku chache. Tangu hapo nimejaaliwa watoto sita wengine, na kila mkunga anapoingia, mimi hukaa barazani, mikono nimeikalia.