Maji ya Wageni

Karakana yetu pale Chaani ilikuwa stoo ya madawati mabovu. Nilipoiomba ili niwafundishe wanafunzi ufundi wa umeme siku za Jumamosi, mwalimu mkuu alinipa ufunguo huku akicheka, akaniambia nitafute na paka maana panya ni wengi. Mimi si mtu wa kuchekwa nikanyamaza. Nilimjibu kwamba panya nao watasoma.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kuokoteza: redio zilizokufa, chaja za simu, midoli ya kulia iliyotupwa jalalani. Watu wa elimu wakija kututembelea huzungumza habari za roboti. Sisi tulikuwa tukigombania bisibisi.

Kulikuwa na msichana mmoja wa gredi ya tisa ambaye hakukosa Jumamosi hata moja. Wanaosema wasichana wanaogopa umeme hunichosha. Huyu alikuwa akimenya waya kwa meno, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumgombeza aache.

Kwao maji ya mfereji huja yanapotaka yenyewe. Mamake alikuwa akifungulia mfereji juu ya pipa kisha akakaa kuyachunga kama mbuzi, kwa sababu akijisahau kidogo tu pipa hufurika, maji yakaingia uani kwa jirani, na hapo maneno yakaanza. Basi yule mtoto akabuni kifaa. Alichukua betri, king'ora kidogo alichokitoa ndani ya mdoli, na nyaya mbili zilizoning'inia karibu na ukingo wa pipa. Maji yakizifikia ncha za nyaya, umeme unapita ndani ya maji, king'ora kinalia. Tulikijaribu karakanani kwa maji ya kisima cha shule, na kililia mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kulalamika.

Mwaka ule wanafunzi wa gredi ya tisa walitakiwa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu. Yeye alitaka uhandisi. Babake, kibarua wa kushusha magunia kwenye maghala, alitaka achague biashara, kwa kuwa shangazi mtu ana duka la vitambaa Magongo na angempa kazi akimaliza. Alikuja kuniambia mwenyewe.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi nawe," alisema. "Lakini hivi vitu hutengenezwa na walimu, watoto wakasimama kando wakapigwa picha. Siku ya wageni, atakapokionyesha, nitakuja. Kikilia, nitamwachia asome anachotaka. Kisipolia, mambo ya waya yameisha."

Lile la picha lilinichoma, kwa sababu nimeyaona hayo katika shule nyingine kwa macho yangu. Nikamwambia aje, inshallah tutaonana.

Siku ya wageni pipa liliwekwa barazani na viti vikapangwa mbele yake. Hapa kwetu mgeni hawekewi maji ya chumvi, ni aibu. Maji ya kisima chetu ni ya kufulia na kupigia deki. Mwalimu mkuu, bila kumwambia mtu, akaagiza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa mitungi, ili wageni waone maji ya kupendeza. Alikuwa na nia njema. Siku ile nilimlaani kimoyomoyo hata hivyo.

Msichana akaeleza kifaa chake, akaanza kumimina. Maji yakapanda, yakazifikia nyaya, king'ora kimya. Akaendelea kumimina mpaka pipa likafurika na kulowesha viatu vya mgeni wa heshima. Watu wakachekacheka. Babake alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Nilimwonea yule mtoto huruma.

Yeye hakulia. Alizigusanisha zile nyaya nje ya maji, king'ora kikalia. Akachovya kidole pipani, akakilamba.

"Mwalimu, haya ni maji baridi," akasema.

Hapo nikaelewa. Chumvi ya kisima ndiyo iliyokuwa ikiupitisha umeme siku zote, nasi hatukuwahi kujaribu maji mengine. Mwalimu mkuu naye alikuwa amesikia, akamtuma mpishi mbio akalete chumvi jikoni. Nikamnong'oneza msichana asubiri, chumvi inakuja, itatiwa kidogo tu na kifaa kitalia.

Akanitazama. "Mamangu hatii chumvi kwenye pipa, mwalimu."

Kisha akawageukia wageni. Aliwaambia kwamba kifaa chake kimelia kwa maji ya kisima peke yake, na yeye alikitengeneza kwa ajili ya maji ya mfereji, ambayo hajapata kuyajaribu, kwa hivyo bado hakijafaa. Alisema atatafuta namna ya kuukuza ule umeme mdogo. Wageni wakapiga makofi ya adabu. Babake alikuwa keshageuka, anaelekea langoni, na binti yake alimwona. Alizikunja nyaya, akazipanga ndani ya boksi, akaniuliza kama anaweza kuziacha karakanani, kwa sababu nyumbani hazitakuwa na kazi tena.

Nilikasirika na kila mtu: mwalimu mkuu na heshima zake, yule baba na sharti lake, na wale wageni waliokwenda kula pilau kama kwamba hapajatokea kitu. Jumapili nilishinda ndani, sikutaka kusemeshwa.

Jumatatu asubuhi nilimkuta babake mlangoni pa karakana, amevaa nguo za kazi, mtungi wa maji begani. Tukaamkiana. Akautua sakafuni polepole asimwage. Alisema ni maji ya mfereji yaliyotoka alfajiri, na mama mtu amekubali kuyatoa.

"Ajaribie haya," akasema. "Ndiyo tunayoyatumia."

Bado nilikuwa na hasira naye, nikamkumbusha kwamba kifaa hakikulia.

"Cha mwalimu kingelia," akanijibu. "Hiki ni chake."

Nikamuuliza, na kisipolia kwa haya?

Alikuwa keshaanza kwenda, gari la vibarua halimsubiri mtu. "Nitaleta mengine," akasema.