Uingereza ya Baba

Baba yangu alifundisha Kiingereza katika shule za msingi maisha yake yote ya kazi, kwanza Sondu, kisha hapa Kaloleni, na hakuwahi kufika Uingereza. Hata hivyo alikuwa na Uingereza yake, na aliijua uchochoro kwa uchochoro. Ilikuwa na siku ya soko, na magunia ya katani, na wanawake waliokaa chini nyuma ya mafungu ya nyanya. Nyumba zake ziliezekwa kwa nyasi, na juu ya nyasi hizo walilala paka na mbwa, mpaka siku moja mvua ilipozidi wakateleza wote wakaanguka uani. Ndiyo maana, aliwaambia wanafunzi wake, mvua ikiwa kubwa Waingereza husema kumenyesha paka na mbwa.

Karibu kila msemo wa Kiingereza aliupa asili. Machozi ya mamba ni huzuni ya uongo, kwa sababu mamba hulia huku anatafuna. Tembo mweupe ni zawadi inayomfilisi mtu, kwa sababu mfalme mmoja wa Mashariki ya Mbali alimpa tembo mweupe kila aliyemchukia: mnyama hafanyi kazi, haliwi, na huwezi kumrudisha. Msemo mmoja tu hakuueleza sana, ule wa kuzika shoka, yaani kupatana. Sondu iko mpakani mwa makabila mawili yaliyowahi kupigana, alisema, na watoto wa pande zote mbili walikaa dawati moja. Hao walijua shoka huzikwa kina gani, na walijua pia kwamba hufukuliwa.

Lakini aliyempa sifa ni paka wa guniani. Kumtoa paka guniani ni kufichua siri, na asili yake, kwa mujibu wa Baba, ni mchuuzi mlaghai aliyetia paka ndani ya gunia na kumuuza kama mtoto wa nguruwe. Baba aliuigiza msemo huu kwa gunia halisi. Aliingiza mkono ndani, gunia likaanza kurukaruka, yeye akibembeleza bei kwa sauti ya mchuuzi, na darasa zima likapiga kelele, "Fungua! Fungua!" Nilimwona akifanya hivyo nikiwa mdogo, nikaamini kabisa kwamba ndani mna kitu.

Nadhani nilisomea isimu chuo kikuu kwa sababu ya gunia hilo. Nilipohitimu, Baba alikodi hema na viti, akaalika majirani, watu wa kanisa na wanafunzi wake wa zamani. Wali ulipokwisha kuliwa, mama mmoja anayeuza samaki kule ufuoni mwa ziwa, aliyesoma kwake miaka mingi iliyopita, akaita kutoka nyuma, "Mwalimu, tufanyie ile ya paka."

Gunia likaletwa kutoka jikoni, likiwa bado na vumbi la makaa. Baba akaigiza. Wazee wakacheka mpaka wakafuta macho. Alipomaliza, mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza sherehe akanipa kipaza sauti. "Sasa msomi wetu atuthibitishie. Ni kweli ama si kweli?"

Ningeweza kusema ni kweli, nikaketi. Lakini watu wengi wakinitazama mimi huogopa, na nikiogopa hushika chochote nilicho na uhakika nacho, kama mtu anayeshika nguzo kwenye upepo. Nikasema kwamba asili ile haina ushahidi. Nikasema paka hafanani na mtoto wa nguruwe, si kwa uzito wala kwa sauti, na hakuna mnunuzi ambaye angedanganyika. Kisha, bila kuulizwa, nikaongeza kwamba hata ile ya paka na mbwa juu ya paa ni hadithi tu.

Halafu yule muuza samaki akasema, "Haiya. Mwalimu, na zile viboko nilikula juu ya hiyo paka?"

"Ndio maana mimi nilianguka mtihani," mwanamume mmoja akadakia. "Nilijaza paka kila mahali."

Hema lote likacheka. Baba naye alicheka, na akaendelea kucheka baada ya wengine kunyamaza. Kisha akalikunja gunia mara nne, polepole, akaketi.

Tangu siku hiyo hakueleza tena asili ya msemo wowote. Zamani mtangazaji wa redio akitumia msemo, Baba alipunguza sauti ili atueleze ulikotoka. Sasa aliiacha redio iendelee. Mtu akimuuliza jambo la Kiingereza alinionyesha mimi kwa kidevu. "Muulize huyu. Yeye amesomea." Alisema bila uchungu, na hilo lilinitesa zaidi.

Niliandika msamaha kwenye simu. Nilianza na "Samahani kwa kukuaibisha," nikafuta, kwa sababu kumwambia kwamba aliaibika ni kumwaibisha mara ya pili. Nikaandika "Samahani kama nilikuumiza," nikaona lile "kama" ni la mwoga. Mwaka ukapita hivyo. Niliomba kazi, nikaitwa kwenye usaili, nikarudi nyumbani kungoja simu ambazo hazikuja, na kila asubuhi nilikunywa chai na Baba meza moja tukizungumzia bei ya sukari.

Kisha macho yake yakawa ya manjano. Hospitalini, baada ya vipimo, daktari aliniita kwenye ujia na kuniambia kwamba ini lilikuwa limeharibika sana. Alisema tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Mama alihitaji kuambiwa, jamaa wa Awasi, kijijini kwetu, walihitaji kuambiwa, na nyumba ya kule ilihitaji kutengenezwa kwa ajili ya wageni. Mimi, nikiwa nimesimama pale, nilitaka kitu kimoja tu: Baba anieleze msemo mmoja kabla hajaondoka. Ningeupata, ningejua amenisamehe.

Nilianza kwa hila. "Baba, kwenye usaili waliniuliza juu ya tembo mweupe."

"Ukajibu nini?"

"Nilisahau."

"Wewe?" Aligeuza kichwa kwenye mto. "Wewe hujawahi kusahau kitu. Angalia kwenye simu."

Siku ya tatu nilichoka na hila. Nilikuwa nikimlisha uji, nikaweka kijiko chini. "Baba, siku ile ya sherehe nilikosea."

"Siku gani?"

"Ya paka."

Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe aliniita Mama. "Mama," akasema, "unadhani sikujua?"

Sikuelewa.

"Mkufunzi wetu chuoni alituambia. Aliandika ubaoni: asili haijulikani. Nikaenda na hiyo Sondu, darasa la sita, kipindi cha baada ya chakula. Nikawaambia, asili haijulikani. Wakalala wote." Alipumua. "Kesho yake nikaja na gunia."

"Mbona basi hukuniambia? Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba nilijua? Wale ni watu wazima, na bado walikuwa na huyo paka wao. Ni kitu nilikuwa nimewaachia."

Nililia, na yeye akangoja nimalize, kama alivyowangoja wanafunzi wake. Alipokubali tena kijiko kimoja cha uji, nilimwomba. "Nieleze mmoja."

"Yote unaijua."

"Ule ambao hujawahi kutueleza. Wa kuwa chini ya hali ya hewa." Waingereza husema hivyo juu ya mtu asiyejisikia vizuri.

Alitazama chupa ya maji iliyoning'inia juu ya kitanda. "Huo sikuwahi kuufanyia kazi," akasema, akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha ikaja sauti niliyokuwa sijaisikia kwa zaidi ya mwaka, sauti ya darasani, nyembamba lakini ile ile.

"Huko Uingereza kulikuwa na mama mmoja aliyeanika mtama wake nje ya nyumba..."

"Uingereza hawalimi mtama, Baba," nikasema.

Neno lilikwisha kutoka kabla sijajua kwamba ninasema. Alifumbua macho. Hakukasirika. Nafikiri hata alitabasamu, ingawa nimelitazama tabasamu hilo kichwani mara nyingi mno, na sasa siliamini tena.

"Ngano, basi," akasema.

Nikangoja. Kwenye kitanda cha jirani mtu alikohoa. Nilisogeza kiti karibu zaidi.

"Kesho, Mama," akasema. "Nimechoka kidogo."

Kesho yake walimwongezea dawa ya maumivu, akashinda usingizini. Keshokutwa yake, mchana, nilienda kuosha kikombe bombani, na niliporudi muuguzi alikuwa amekwisha kuvuta pazia.

Tulimzika Awasi. Tangu hapo nimesoma kila nilichopata juu ya msemo ule. Wengine husema ni wa mabaharia, waliougua na kupelekwa sehemu ya chini ya meli mbali na dhoruba, halafu husema pia kwamba hilo halina hakika. Sikulihitaji. Mimi humchukua yule mama, nikamrudishia mtama wake, nikauanika mwenyewe kwenye turubai uani. Wingu linatokea upande wa milima. Anainuka. Hapo ndipo ninapofika. Sijui ni nani aliyeugua, yeye au mtu wa nyumbani mwake, wala mvua ilihusika vipi.

Nilimwambia Mama yangu kila kitu, pamoja na lile neno langu la mtama. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Alikuwa amechoka," akasema. "Ini likifika pale mtu huchoka haraka. Haikuwa wewe."

Ni maelezo mazuri. Nimeyapima kwa kila njia niliyofundishwa, na siwezi kuyathibitisha.